Lori Linapotetemeka: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Maelezo kwa makatibu, madereva na wanachama wa vyama vya msingi



Katika hesabu za chama chenye lori lake, hakuna ukurasa unaojaa upesi kama ule wa matengenezo. Mafuta hununuliwa kwa safari, na kila mtu huyaona yakipimwa. Mishahara inajulikana tangu mwanzo wa mwaka. Lakini matengenezo huja bila ya kubisha hodi, na aghalabu huja wakati wa msimu, pamba ikiwa imerundikana ghalani na wanachama wakingojea fedha zao. Hapo ndipo hati za malipo zinapotiwa sahihi kwa haraka. Hati hizo huonyesha kipuri kilichonunuliwa, bei yake na duka lililokiuza. Ni nadra sana kuonyesha kwa nini kilinunuliwa.

Maelezo haya yanahusu ugonjwa mmoja tu wa gari, nao ni kutetemeka. Ni ugonjwa wenye hila, kwa kuwa mtetemo huzaliwa mahali pamoja na kusikika mahali pengine. Chasisi ni chuma kirefu, hupokea kila kitu na kukipeleka kokote. Hata hivyo, mtu asiye fundi anaweza kuufuatilia kwa kutumia macho, masikio, nyayo na saa ya mkononi, na akafika karibu sana na chanzo chake kabla senti moja haijatoka katika sanduku la chama.

Chama kimoja katika nchi ya pamba kilikuwa na lori la tani 7, lenye injini ya dizeli ya silinda 6 na matairi pacha nyuma. Lilikuwa limetumika miaka mingi, lakini lilikuwa zima, na wanachama walijivunia kwamba lilinunuliwa kwa makato ya pamba yao wenyewe. Mvua za masika zilipokwisha, dereva aliandika katika daftari la safari: "Gari linatetemeka." Katibu akalipeleka kwa fundi, naye akabadili mipira miwili ya kuegemezea injini, ambayo mafundi huiita mauntingi. Wiki iliyofuata daftari likasema: "Gari bado linatetemeka." Fundi wa pili akateremsha giaboksi na kutia pleti mpya ya klachi. Dereva akaandika: "Gari linatetemeka zaidi."

Hapo maneno yakaanza. Ilisemwa mnadani na ilisemwa kisimani kwamba dereva analiua gari kwa kusudi, ili chama kikodi lori la jamaa yake. Kamati ilikutana, ikamsimamisha kazi. Dereva mwingine akapewa funguo, naye baada ya siku 2 akaandika maneno yale yale. Yakanunuliwa matairi mawili mapya, yakafungwa mbele. Lori likaendelea kutetemeka, na msimu ulikuwa umefika katikati.

Fundi wa tatu alikuwa mtu mzima, aliyepata kufanya kazi kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Huyu hakufungua sanduku la zana. Aliomba aitwe yule dereva aliyesimamishwa.

"Mwanangu," alimwuliza, "mtetemo huu ulikuwa ukikupata wapi? Kitini, mikononi au miguuni?"

"Shikamoo, mzee. Mwanzoni lilikuwa likinirusha kitini, polepole, mfano wa baiskeli yenye rimu iliyopinda. Huu wa sasa ni mwingine. Huu ni wa haraka, unawasha nyayo."

"Marahaba. Na ule wa kwanza umekwisha?"

"Haujakwisha, mzee. Ipo yote miwili."

Katika daftari la chama, mitetemo hiyo miwili ilikuwa imeandikwa kwa neno moja. Kamati ilisoma "linatetemeka" mara nne, ikadhani ni ugonjwa mmoja unaozidi. Kumbe wa kwanza ulikuwa umeanzia kwenye magurudumu ya nyuma, ambamo udongo mweusi wa mbuga ulishika ndani ya rimu wakati wa mvua, ukakauka upande mmoja ukawa kama tofali. Wa pili ulizaliwa siku ile giaboksi ilipoteremshwa: propela ilichomolewa, na iliporudishwa haikukaa katika alama zake. Mauntingi za zamani hazikuwa na kosa. Pleti ya zamani ya klachi ilikuwa bado imo ghalani, na ilipopimwa ikaonekana ingalifaa kwa muda mrefu. Tiba ya kweli ilikuwa ndoo kadhaa za maji, kipande cha chuma cha kukwangulia, na kazi ya saa moja chini ya lori. Dereva alirudishwa kazini, akalipwa mshahara wa majuma aliyokaa nje. Fedha za vipuri hazikurudi.

Sasa yafaa kueleza ni vipi maswali machache yanaweza kutenganisha mambo yaliyoonekana kuwa jambo moja.

Katika lori, nguvu husafiri kwa mstari: injini, klachi, giaboksi, propela, difu, ekseli, magurudumu. Vyote huzunguka, lakini havizunguki kwa mwendo mmoja, na tofauti hiyo ndiyo inayomsaidia mtafutaji. Chukua lori lenye matairi ya 9.00-20, ambalo tairi lake likizunguka mara moja husogea mita 3 na kidogo. Likienda kilomita 60 kwa saa, yaani mita 1,000 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 320 hivi kwa dakika. Hiyo ni mara 5 hivi kwa sekunde. Ikiwa difu yake ni ya 6 kwa 1, propela huzunguka mara 6 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, yaani mara 1,920 kwa dakika, au mara 32 kwa sekunde.

Mara 5 kwa sekunde mwili wa binadamu huzijua mojamoja. Ni kurushwa, ni kuyumbishwa. Ukiwa na kikombe cha maji utaona maji yakicheza. Mara 32 kwa sekunde haziwezi kuhesabiwa. Mtu husikia mvumo tu, sakafu inawasha nyayo na kioo cha pembeni kinafifisha picha. Basi swali la kwanza la yule mzee, kitini au miguuni, halikuwa la mazungumzo. Mtikisiko wa polepole unaofuata mwendo wa gari hutoka kwenye magurudumu, matairi au dramu za breki. Mtetemo wa haraka hutoka kwenye propela au injini. Ukisikika mikononi, kwenye usukani, tazama magurudumu ya mbele kwanza. Ukisikika kitini, tazama ya nyuma.

Propela na injini ni vigumu zaidi kutenganishwa, kwa sababu katika malori mengi ya zamani gia ya juu kabisa ni ya moja kwa moja: injini na propela huzunguka sawasawa. Dereva akiwa katika gia hiyo hawezi kujua ni ipi inayotetemeka, hata awe hodari namna gani. Dawa ni kubadili gia bila ya kubadili mwendo. Mathalani, mtetemo unasikika kilomita 40 katika gia ya juu. Hapo injini na propela zote zinazunguka kiasi cha mara 1,280 kwa dakika. Dereva arudi gia moja chini, ashike kilomita 40 zile zile. Propela haikubadilika, kwa kuwa imefungamana na magurudumu. Lakini injini sasa imepanda na kupita mara 2,000. Mtetemo ukibaki vile vile, injini haina hatia. Ukitoweka au ukibadilika sauti, injini ndiyo ya kuulizwa.

Kipo kipimo kingine cha namna hiyo, na lazima kielezwe pamoja na hatari yake. Lori likiwa katika mwendo wa mtetemo, dereva hukanyaga klachi na kuiacha injini ishuke hadi sailensa. Mtetemo ukiendelea ilhali injini imetulia, umetoka nyuma ya injini. Kipimo hiki kifanywe kwenye barabara iliyo sawa, isiyo na watu, lori likiwa tupu, na kwa sekunde chache tu. Kisifanywe kamwe kwenye mteremko. Lori lisilo na gia mlimani hutegemea breki peke yake. Dramu hushika moto na breki huacha kushika. Wako watu waliopoteza maisha kwa kutaka kuokoa dizeli ya kibaba kimoja namna hiyo.

Malori mengi yana spidomita iliyokufa. Hilo si kisingizio. Penye mawe ya kilomita kando ya barabara, saa ya mkononi yatosha: kilomita moja kwa dakika moja ni mwendo wa 60, kwa sekunde 80 ni mwendo wa 45, kwa sekunde 90 ni mwendo wa 40.

Swali linalofuata ni juu ya nguvu. Je, mtetemo upo injini inapovuta, au unapoondoa mguu kwenye mafuta? Je, upo lori likiwa tupu, au likiwa na shehena? Hapa ndipo propela inapojitambulisha, na habari zake zafaa kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoonewa zaidi na mafundi wa haraka.

Propela haikai katika mstari mnyoofu. Giaboksi iko juu, difu iko chini, na difu hupanda na kushuka pamoja na springi. Kwa hiyo kila ncha ya propela ina kiungo chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi. Kiungo cha namna hii kilielezwa na Mwingereza Robert Hooke katika karne ya 17, na tabia yake haijabadilika tangu hapo. Krosi ikifanya kazi katika pembe, haipokezi mwendo ulio sawa: katika kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kuchelewesha mara mbili. Pembe ikiwa ndogo jambo hilo ni dogo. Kwa digrii 10 mwendo huongezeka na kupungua kwa kiasi cha sehemu moja na nusu katika 100. Kwa digrii 20 hufika sehemu 6 katika 100. Wenye kutengeneza magari hutibu kosa hili kwa kosa linalolipinga. Krosi ya nyuma hupangwa ili icheleweshe pale ile ya mbele inapoharakisha, na mwendo unaofika kwenye difu huwa sawa.

Lakini mapatano hayo yana masharti mawili. Vishikio vya krosi vilivyo kwenye ncha mbili za propela ile ile lazima vilale sambamba. Na pembe ya mbele lazima ilingane na pembe ya nyuma.

Sharti la kwanza huvunjwa na mafundi. Propela huwa na sehemu yenye meno inayoteleza, ili irefuke na kufupika gari linaporuka mashimo. Ikichomolewa inaweza kurudishwa kwa jino lolote, nayo itaingia bila ubishi. Ndiyo maana juu yake hupigwa alama, mara nyingi ni mishale miwili inayopaswa kutazamana. Alama hizo hufunikwa na grisi na vumbi, na fundi asiyezijua hazitafuti. Jino moja tu likikosewa, makosa mawili hayafutani tena, na mtetemo wa haraka huanza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo dereva akisema "limeanza kutetemeka tangu lilipotoka gereji," asijibiwe kwamba anatafuta sababu. Amekwisha kuonyesha mahali pa kutazama. Kwenye propela isiyo na alama, fundi apige mwenyewe alama ya patasi au ya rangi kabla ya kuichomoa.

Sharti la pili huvunjwa na sisi wenye magari. Ni desturi kuongeza majani ya springi nyuma ili lori libebe zaidi. Jambo hilo huinua chasisi na kubadili pembe ya propela. Lori la namna hiyo hutetemeka likiwa tupu na hutulia likipakia, kwa sababu shehena huirudisha difu mahali ilipokusudiwa kuwa. Kamati inayoidhinisha majani ya ziada inapaswa kujua kwamba inaidhinisha pia krosi nyingi za baadaye. Pembe huharibika vile vile yu-bolti za springi zikilegea na ekseli ikapata nafasi ya kujipinda inapovuta; kuzikaza ni kazi ya nusu saa.

Propela inaweza pia kutetemeka kwa uzito usio sawa. Kiwandani hupimwa, na vibati vidogo huchomelewa upande uliopungua. Kibati kikidondoka, au bomba likipigwa na jiwe na kubonyea, au tope likishika upande mmoja, usawa umekwenda. Wengi hudharau jambo hili kwa udogo wake. Gramu 50 tu zikiwa sentimita 5 kutoka katikati, propela inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 11 hivi, na mvuto huo huzunguka upande hata upande mara 33 kwa sekunde. Mwendo ukipungua nusu, nguvu hiyo hupungua ikawa robo. Hiyo ndiyo sababu lori huwa pole kijijini na likafika barabara kuu likawa kama lina homa.

Kuichunguza propela hakuhitaji karakana. Lori lisimame pakavu, injini imezimwa, magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa magogo, ekseli ya nyuma imeinuliwa na kuegemezwa juu ya magogo imara. Mtu asiingie chini ya lori linaloshikwa na jeki peke yake. Gia ikiwa huru na breki ya mkono imelegezwa, propela izungushwe kwa mkono, na chaki ishikwe karibu nayo bila kuigusa. Ikipinda, itaigusa chaki upande mmoja. Kisha ishikwe kwa mikono miwili, kila mkono upande mmoja wa krosi, ijaribiwe kuzungushwa huku na huku. Krosi nzima haina nafasi ya kucheza. Vumbi jekundu kama kutu kwenye vikombe vya krosi ni dalili kwamba grisi ilikwisha zamani. Kwenye lori lenye propela ya vipande viwili, mpira unaoshika beringi ya katikati utazamwe pia. Ukipasuka, lori hutikisika linapoondoka na mzigo.

Kuhusu injini yenyewe, mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu inaweza kusikilizwa lori likiwa limesimama. Ikitetemeka papo hapo, propela na matairi yamekwisha kuondolewa lawamani.

Injini inayorukaruka katika sailensa na kutulia ikipandishwa huwa na silinda isiyofanya kazi. Katika injini za dizeli za mipigo minne kila silinda huwaka mara moja kwa mizunguko miwili. Ikiwa sailensa ni mizunguko 600 kwa dakika, silinda mfu huonekana kama pigo linalokosekana mara 5 kwa sekunde, na mtu huliona kwenye kibini nzima. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine. Silinda nzima ikikatiwa dizeli, injini huyumba. Ile ambayo haileti tofauti ndiyo mgonjwa. Njia hiyo isitumike kabisa kwenye injini mpya ambazo nozeli zake zote hulishwa na bomba moja la pamoja na kuongozwa kwa umeme. Humo dizeli hukaa katika msukumo unaozidi mara 1,000 ya kanieneo ya hewa, na mchirizi wake hupenya ngozi na nyama. Hata kwenye injini za zamani mkono usiwekwe mbele ya bomba linalotoa.

Injini iliyotulia katika sailensa na kutetemeka ikipanda ina kitu kisicho sawa kinachozunguka nayo. Feni iliyopoteza ncha ya jani ndiyo rahisi kuijua: mkanda wa feni utolewe, injini iwashwe kwa dakika moja, isizidi mbili, kwa kuwa maji hayazunguki. Mtetemo ukikoma, umetoka kwenye feni, pampu ya maji au jenereta. Ukibaki, tazama puli kubwa ya mbele ambayo ndani yake mna mpira, kisha klachi na flaiwili.

Flaiwili huleta fumbo ambalo halikuzoeleka kwetu, lakini linawasumbua sana wale wanaofufua magari ya zamani ya Marekani yenye nguvu nyingi, yale ya kizazi cha Pontiac GTO na Ford Mustang ya miaka ya 1960. Mpango wao ni ule ule wa lori: injini mbele, propela katikati, difu nyuma. Sasa injini ya Ford ya silinda 8 yenye ujazo wa inchi 302 ilitengenezwa kwa flaiwili ambayo kwa makusudi ni nzito upande mmoja, ili kusawazisha mtaimbo wa ndani. Zile za awali zilikuwa na kipimo cha wakia-inchi 28. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipimo kikawa 50. Bolti zinaingia, macho hayaoni tofauti, lakini flaiwili ya injini mpya ikifungwa kwenye ya zamani gari hutetemeka katika kila gia, na mwenyewe huweza kubadili propela mbili kabla ya kugundua. Vyama vinavyonunua vipuri vilivyokwisha kutumika, flaiwili, puli ya mbele au injini nusu, havina budi kulinganisha namba za kipuri cha zamani na za kile kinachonunuliwa. Kufanana kwa macho hakutoshi.

Mauntingi hazizalishi mtetemo, zinaufikisha. Mpira uliolowa dizeli ukalainika, au uliokauka ukapasuka, huupeleka mtetemo wa kawaida wa injini kwenye chasisi. Kwa hiyo ni kweli kwamba hubadilishwa, lakini zibadilishwe kwa kuwa zimeonekana zimepasuka, wala si kwa kuwa ni rahisi kupatikana dukani. Klachi nayo hujitaja mahali pamoja: lori linapoondoka. Likitetemeka wakati mguu unapoachia klachi, kisha likatulia likiisha kushika mwendo, kuna mafuta kwenye pleti au pleti imepinda. Klachi iliyoungana kabisa haina la kusema katika kilomita 60. Chama kile cha pamba kingejua hayo, giaboksi isingeteremshwa.

Mtetemo unaokuja wakati wa kufunga breki tu ni wa dramu iliyopoteza umviringo wake. Haukuhitaji maelezo zaidi.

Zipo dalili ambazo hazingoji uchunguzi wala kikao. Nati za gurudumu zikiwa na michirizi ya kutu inayotoka kwenye matundu, au tundu la rimu likiwa limerefuka, gurudumu linacheza na litatoka. Krosi ikilia kwa kugonga kila dereva anapotia gia, imekaribia kukatika. Krosi ya nyuma ikikatika propela huburuzwa chini. Ya mbele ikikatika, ncha yake inaweza kuchoma ardhi na kuliinua lori kama mti wa mruko. Mahali hapo pana wanawake na vijana waliokaa juu ya marobota, ingawa kanuni inakataza na kila katibu anajua kwamba wanapanda. Lori la namna hiyo lisimame pale lilipo, hata kama jineri inafunga mlango jioni hiyo. Pete ya chuma inayozunguka propela karibu na ncha yake ya mbele ni kinga ya bei ndogo, na mahali ambapo imepotea irudishwe.

Inabaki kazi ya katibu mwenyewe, ambaye hana haja ya kushika spana. Daftari la safari lisikubali neno "linatetemeka" peke yake. Dereva aandike kwa namna hii: "Lori tupu, barabara ya lami, gia ya juu. Mtetemo wa haraka umeanza kilomita 48, umezidi 55, umepungua 65. Unasikika sakafuni, haupo kwenye usukani. Gia ya chini kwa mwendo ule ule hakuna tofauti. Umeanza baada ya klachi kubadilishwa." Sentensi hizo fundi yeyote mwenye akili ataziheshimu, na kamati ikizisoma haitahitaji kusikiliza maneno ya mnadani. Dereva asiyezoea kuandika aseme, katibu aandike, na dereva atie sahihi.

Kabla ya kuomba kipuri chochote, yafanywe yale yasiyo na gharama: magurudumu yaoshwe kwa ndani, mawe yaliyokwama kati ya matairi pacha yatolewe, nati zikazwe, upepo upimwe, krosi zitiwe grisi, mishale ya propela itazamwe. Hati ya malipo ionyeshe kipimo kilichofanywa na kilichoonekana. Kipuri cha zamani kirudi ghalani kikiwa na kibandiko chenye tarehe. Pleti ile ya klachi ndiyo iliyomtoa dereva hatiani, na ilibaki kwa bahati tu, fundi alikuwa ameisahau.

Na gari likitoka gereji lijaribiwe kwenye barabara ile ile, kwa mzigo ule ule, gia ile ile na mwendo ule ule ulioandikwa daftarini, dereva na fundi wakiwa wamekaa pamoja. Safari hiyo ikiisha, dereva aandike alichosikia, na ndipo malipo ya fundi yaidhinishwe.